Jinsi ya kuwafundisha madaktari utengamao wa mapafu: mwongozo kamili wa wiki nane

Tatizo ni lile lile kila kundi linapomaliza zamu. Daktari anayesomea ubingwa wa mapafu anakueleza bila kusita utengamao ni nini na unamfaa nani. Mpe mgonjwa na karatasi tupu, ataandika neno moja: "Fiziotherapia." Hakuna kasi, hakuna muda, hakuna idadi ya siku, wala kiwango cha oksijeni ambacho mazoezi yakikifikia yasimame. Hakuna daktari angeandika "apewe dawa" halafu atie sahihi, lakini kwa mazoezi tunaruhusu hivyo kila siku.

Mwongozo huu ni wa madaktari bingwa, wataalamu wa fiziotherapia na wauguzi wanaofundisha Kisumu, Nakuru, Kakamega, Eldoret na hospitali za kaunti zilizo karibu. Daktari anayefundishwa nitamwita mkurufunzi. Utengamao hapa ni mpango mzima: kumpima mgonjwa, kumpa mazoezi yenye dozi, kumfundisha kuishi na ugonjwa wake, na kumpima tena.

Kila kitu kinategemea sharti moja: mkurufunzi mmoja, mgonjwa mmoja, wiki nane, mkutano mara mbili kwa wiki. Ukilivunja sharti hili, ukamwonyesha wagonjwa kumi kwa siku moja, utakuwa umetoa mhadhara mwingine tu.

## Vitu vya kuandaa kabla ya wiki ya kwanza

Mashine ya kukimbilia na baiskeli ya mazoezi si lazima. Nimeona programu zikiahirishwa mwaka mzima kwa kusubiri mashine, na wagonjwa wakazidi kudhoofika nyumbani.

- Njia tambarare ya mita 30, ngumu chini, isiyopitwa na machela. Veranda iliyoezekwa ni bora kuliko korido ya ndani kwa sababu hewa inapita. Pima kwa tepu, wala si kwa hatua za miguu, na weka alama kila mita 3. Isiwe karibu na jiko la hospitali wala tanuri la kuchomea taka.
- Koni mbili. Chupa zilizojazwa mchanga zinatosha.
- Viti viwili visivyo na mikono, kimo cha kama sentimita 46, kimoja chepesi cha kubeba.
- Oksimita mbili za kidole (vifaa vya kupima oksijeni ya damu) na betri za akiba, mashine ya presha, na saa ya kuhesabu sekunde.
- Oksijeni iliyo karibu, inhela ya salbutamol (dawa ya kufungua njia za hewa) na spesa, chombo kinachounganishwa na inhela ili dawa ifike mapafuni. Chupa ya plastiki ya mililita 500 iliyotobolewa vizuri hufanya kazi ya spesa. Weka glukosi pia, kwa wenye kisukari.
- Uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja. Mchanga mkavu wa ujazo huo hukaribia kilo moja na nusu. Pima kwa mizani, kisha andika namba kwenye chupa.
- Kipimo cha Borg, ambacho mgonjwa hutaja anavyohema au alivyochoka kwa alama 0 hadi 10, kilichoandikwa kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, na maswali 8 ya CAT kuhusu jinsi ugonjwa unavyomwathiri, yenye jumla ya alama 0 hadi 40. Kubalianeni maneno ya Kiswahili mapema. Kila mkurufunzi akitafsiri papo hapo kwa namna yake, alama za wiki ya kwanza na za wiki ya nane hazitalingana.
- Daftari moja kwa kila mgonjwa, linalobaki kliniki. Faili kubwa la hospitali hupotea kati ya rekodi na wodi.

Saa ya kukutania ni sehemu ya maandalizi. Kisumu anzeni mapema asubuhi, maana jua la saa sita hubadilisha matokeo ya kipimo. Nakuru asubuhi za mwezi wa saba zina baridi inayoamsha kikohozi, hivyo sogezeni hadi jua litoke. Mvua za mwezi wa nne zikianza bila nyinyi kuwa na veranda, programu itasimama.

## Hatua ya 1: Mchagulie mkurufunzi mgonjwa atakayemfundisha

Usimpe mgonjwa wa kwanza aliyeketi kwenye foleni. Mtafutie mtu anayehema kwa shughuli za kawaida licha ya dawa kupangwa vizuri: kwenye mMRC, kipimo cha kuhema cha alama 0 hadi 4, awe na alama 2 au zaidi. Kwa maneno ya mtaani, huyu ni mtu anayeachwa nyuma na wenzake wa rika moja wakitembea barabara tambarare, au anayesimama kupumzika akienda kwa mwendo wake mwenyewe.

Katika eneo letu si wote walio na COPD (ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa) ya sigara. Utampata mama aliyekaanga mgongo wazi (mifupa ya samaki) Obunga, Kisumu, kwa miaka mingi juu ya moshi, mchimba dhahabu wa Siaya au Migori aliyevuta vumbi la mawe, mzee wa Molo aliyelelewa kwenye jiko la kuni. Zaidi ya wote, utampata mtu aliyepona TB ikamwachia makovu na bronkiektasisi, yaani njia za hewa zilizotanuka na kukusanya makohozi. Huyu wa mwisho namtaka awe mgonjwa wa kwanza kila inapowezekana, kwa sababu ndiye anayeambiwa mara nyingi "umepona, nenda nyumbani" huku hawezi kupanda ngazi.

Kabla ya hatua yoyote, mkurufunzi ajibu maswali haya kwa maandishi:

Je, TB imerudi? Makohozi yapimwe. Lakini afundishwe kwamba GeneXpert, mashine ya kupima TB, inaweza kusoma vinasaba vya vijidudu vilivyokufa kwa mtu aliyetibiwa miaka ya karibuni. Matokeo yasomwe pamoja na dalili, picha ya kifua na, ikiwezekana, kuotesha makohozi. Mwenye TB inayoambukiza haingii kwenye kundi.

Je, moyo uko salama? Maumivu ya kifua yasiyotulia, mshtuko wa moyo ndani ya mwezi mmoja, kuzirai wakati wa kujitahidi, mapigo yasiyodhibitiwa: yote haya yanasimamisha mpango hadi yachunguzwe. Mapigo zaidi ya 120 kwa dakika akiwa ametulia, au presha inayozidi 180 juu au 100 chini, yanahitaji uamuzi wa daktari bingwa kabla ya kipimo.

Je, anakohoa damu? Kwa mwenye makovu ya TB, damu mpya ni sababu ya kusimama na kuchunguza, hata kama ni kidogo.

Virusi vya Ukimwi havimzuii mtu. Umri haumzuii. Kutumia oksijeni nyumbani hakumzuii. Kwa kweli huyo ni miongoni mwa wanaohitaji zaidi.

## Hatua ya 2: Mkurufunzi apumue kwa mrija

Kabla hajamgusa mgonjwa, mkurufunzi abane pua, aweke mrija wa soda mdomoni, apumue kwa mrija huo tu huku akitembea kwa kasi dakika moja, kisha akae na kusimama kitini mara kumi. Mwenye pumu, ugonjwa wa moyo au ujauzito asifanye. Yeyote anayesikia kizunguzungu aache mara moja.

Akimaliza, mwulize maswali mawili: ulitaka kufanya nini? Na ulifikiria nini? Karibu kila mmoja atasema alitaka kusimama, na alihofia kukosa hewa kabisa.

Hapo ndipo umweleze mzunguko wenyewe, wakati mwili wake bado unaukumbuka. Mtu akihema anaogopa kutembea. Asipotembea, misuli ya mapaja hunyauka. Misuli dhaifu huanza kutoa asidi ya laktiki mapema, hata kwa kazi ndogo, na asidi hiyo huudai mwili upumue zaidi. Mwenye njia za hewa zilizoziba naye, akipumua haraka, hewa mpya huingia kabla ya ile ya zamani kutoka. Kifua hujaa na hakuna nafasi ya kuvuta tena.

Mazoezi huukata mzunguko huo miguuni. Usomaji wa spirometria (kipimo cha kupuliza cha mapafu) hautabadilika, na ni lazima mkurufunzi asikie hivyo siku ya kwanza. Wasipoambiwa, wanarudia spirometria mwisho wa wiki nane, wanaona namba zile zile, na wanahitimisha kwamba tiba haikufanya kazi wakati mgonjwa ameanza kwenda sokoni mwenyewe.

Mkurufunzi akiuliza ushahidi, mwambie ukweli: mapitio ya 2015 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kuchambua tafiti za tiba, yalikusanya majaribio 65 yenye wagonjwa 3,822 wa COPD, na wahariri wake wakasema hakuna haja tena ya kulinganisha utengamao na huduma ya kawaida kwa ugonjwa huo. Swali la "je, unafaa?" limefungwa. Lililobaki ni la kuufikisha kwa watu.

## Hatua ya 3: Kipimo cha kutembea dakika sita

Hapa ndipo wengi hukosea, na kosa la hapa huharibu dozi yote itakayofuata. Fundisha kwa mpangilio huu, bila kuruka.

Kwanza, pumziko. Mgonjwa akae angalau dakika 15 karibu na mstari wa kuanzia. Aliyetoka kushuka bodaboda na kupanda mteremko wa hospitali hajatulia, hata akisema yuko sawa. Andika oksijeni, mapigo, presha, na alama ya Borg ya kuhema na ya uchovu wa miguu. Andika pia kama ametumia inhela na saa ngapi.

Pili, maelekezo, kwa maneno yale yale kila mara. Yanayofaa ni haya: "Mama, lengo ni kutembea umbali mrefu kadiri unavyoweza kwa dakika sita. Utaenda na kurudi ukizunguka koni hizi. Usikimbie. Ukichoka unaweza kupunguza mwendo au kusimama, lakini anza tena mara tu unapoweza. Saa haisimami."

Mgonjwa anayeelewa Dholuo, Kiluhya, Kalenjin au Gikuyu vizuri zaidi aelekezwe kwa lugha hiyo, na mfasiri awe mmoja katika vipimo vyote. Mkumbushe mfasiri asiongeze chake. "Jitahidi sana mama, usituaibishe" huongeza mita ambazo hazitapatikana tena mara ya pili.

Tatu, kutia moyo kwa kipimo. Kila dakika, sentensi moja, sauti tulivu:

1. Dakika ya kwanza: "Unaendelea vizuri. Zimebaki dakika tano."
2. Ya pili: "Endelea hivyo hivyo. Zimebaki nne."
3. Ya tatu: "Unaendelea vizuri. Umefika nusu."
4. Ya nne: "Endelea hivyo hivyo. Zimebaki mbili tu."
5. Ya tano: "Unaendelea vizuri. Imebaki moja."

Mkurufunzi akianza kupiga makofi, msimamishe. Akinyamaza kabisa, msimamishe pia. Umbali hubadilika kwa jinsi unavyozungumza na mgonjwa.

Nne, asitembee naye bega kwa bega. Akitangulia au kwenda sambamba, mgonjwa atafuata mwendo wa daktari. Kama lazima amfuate kusoma oksimita, akae nyuma yake hatua moja.

Tano, oksijeni. Lazima iandikwe ile ya chini kabisa iliyoonekana, wala si ya mwisho peke yake. Ikishuka chini ya asilimia 80, kipimo kinasimama. Ikirudi 85 au zaidi ndani ya dakika hizo sita, mgonjwa anaweza kuendelea. Maumivu ya kifua, kupepesuka, jasho la baridi au kubadilika rangi ni sababu za kuacha kabisa.

Sita, rudia. Baada ya pumziko la dakika 30 au zaidi, afanye tena, na umbali mrefu zaidi ndio unaoandikwa. Watu wengi huenda mbali zaidi mara ya pili kwa sababu wamekielewa kipimo. Ukifanya mara moja tu mwanzoni, mazoea hayo yatahesabiwa kama matunda ya tiba. Najua foleni ni ndefu. Bado irudiwe.

Korido ikiwa ya mita 20, itumieni, lakini iwe hiyo hiyo mwanzo na mwisho: kugeuka mara nyingi kunakula umbali, na namba za njia mbili tofauti hazilinganishwi. Kukiwa hakuna korido kabisa, tumia kipimo cha kukaa na kusimama dakika moja: mikono isishike kitu, hesabu mara alizosimama wima kabisa.

### Kuhusu oksimita na mwinuko

Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Kisumu ni karibu 1,130. Mgonjwa yule yule anaweza kusoma chini kidogo akiwa Nakuru, na akafikia kiwango cha hatari mapema zaidi anapotembea. Kwa hiyo kipimo cha Kisumu kisitumiwe kuandika dozi ya mazoezi yatakayofanyika Nakuru au Eldoret. Apimwe upya pale atakapofanyia mazoezi.

Jambo la pili linatuhusu sana: oksimita huweza kusoma juu kuliko ukweli kwenye ngozi nyeusi. Asilimia 89 kwenye kidole inaweza kuwa pungufu ya hapo kwenye damu. Mkurufunzi asibishane na mgonjwa kwa sababu mashine "inasema yuko sawa." Midomo, fahamu na alama ya Borg vihesabiwe pia. Tafuteni kidole kisicho na hina, ondoeni rangi ya kucha, pasheni vidole moto, na subirini namba itulie.

## Hatua ya 4: Kuandika dozi

Hii ndiyo sababu ya mwongozo mzima. Mkurufunzi achukue kalamu, wewe uondoe mikono.

Mfano: mgonjwa ametembea mita 312.

- Gawanya kwa 6: mita 52 kwa dakika.
- Chukua asilimia 80: karibu mita 42 kwa dakika.
- Kwa dakika 5: mita 210, yaani urefu wa njia ya mita 30 mara 7.
- Kwa dakika 10: mara 14. Kwa dakika 20: mara 28.

Sasa dozi inaandikika: *"Kutembea mara 7 kwa dakika 5, pumziko hadi Borg irudi 2, rudia mara tatu. Siku mbili hospitalini, siku tatu nyumbani. Lengo la kuhema: Borg 4 hadi 6. Simamisha mazoezi oksijeni ya damu ikishuka chini ya 85."* Mtaalamu wa fiziotherapia akiipata karatasi hiyo anajua la kufanya bila kupiga simu.

Kiwango hicho cha 85 ni uamuzi wa timu. Wapo wanaotumia 88. Muhimu ni kiandikwe.

Onyo kubwa: wakurufunzi huandika dozi ndogo. Wanamwona mgonjwa akihema, wanaogopa, wanampumzisha kwenye Borg 2. Mazoezi ya Borg 2 hayajengi misuli. Mgonjwa anatakiwa ahisi kazi: aweze kusema sentensi fupi, asiweze kuimba. Wafundishe kutofautisha kuhema kunakotarajiwa, ambako hupungua dakika chache baada ya kuketi, na kuhema kusikotulia, kunakoambatana na maumivu au kuchanganyikiwa.

Asiyeweza dakika 5 mfululizo apewe vipande: dakika moja ya kutembea, moja ya kupumzika, hadi jumla ya kazi ifike dakika 10, kisha iongezwe. Hewa haijai kifuani kwa kiwango kile kile, na miguu inapata kazi yake.

Nguvu za misuli ziandikwe kando. Kusimama kutoka kitini, kupanda kidaraja, kuinua chupa za mchanga kwa mikono: seti 2 za mara 8 hadi 12, kwa uzito ambao mara mbili za mwisho ni ngumu lakini mwendo haupindi. Akifika 12 kwa urahisi siku mbili mfululizo, ongeza. Mikono isisahaulike, mtu anayefua, anayechota maji au anayepepeta mahindi huhema kwa sababu ya mikono.

Kuongeza dozi ni sehemu ya dozi. Kwenye kutembea, ongeza muda kwanza hadi dakika 20 au 30, kisha kasi. Daftari likionyesha "mara 7 kwa dakika 5" wiki ya kwanza na wiki ya sita, mkurufunzi alikuwa akihudhuria tu, hakuwa akitibu.

Mpe mifano mitatu ya umbali tofauti aiandikie dozi bila msaada. Asipoweza, asiendelee hatua ya tano.

## Hatua ya 5: Kusimamia mkutano mzima, mwenyewe

Wiki ya kwanza akuangalie. Ya pili mfanye pamoja. Kuanzia ya tatu yeye ndiye msimamizi, nawe uwe pembeni.

Mkutano hufuata mpango huu: maswali ya usalama mlangoni (makohozi yamebadilika rangi? homa? damu? usingizi?), salbutamol dakika 15 kabla kwa anayeihitaji, kupasha mwili moto, kutembea, nguvu za misuli, kupoa, mazungumzo. Kama saa moja hadi moja na nusu.

Kupumua kufundishwe katikati ya kazi. Kuvuta kwa pua na kutoa taratibu kwa midomo iliyokunjwa kama mtu anayepoza chai, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Kuinama mbele mikono ikiegemea magoti au ukuta. Kutoa pumzi wakati wa jitihada: anapoinuka, anapoinua mtungi. Mgonjwa aliyefundishwa haya akiwa amelala kitandani huyasahau anapohema kweli njiani.

Wenye bronkiektasisi wahitaji kusafisha kifua *kabla* ya kutembea: kupumua kwa utulivu, kuvuta pumzi ndefu mara tatu au nne, kisha kutoa hewa kwa nguvu mdomo ukiwa wazi, kama anayetia ukungu kioo, hadi makohozi yapande. Wafanyie nje, mbali na wenzao, wakiwa na kikopo chenye kifuniko.

Mtaalamu wa fiziotherapia ndiye mwalimu wa hatua hii, hata kama mkurufunzi ana shahada mbili. Mtambulishe hivyo mbele ya wote siku ya kwanza. Usipofanya hivyo, daktari atakaa kando na simu yake akisubiri "sehemu ya kidaktari."

## Hatua ya 6: Mazungumzo na mgonjwa

Dakika 20 kila mkutano, mada moja. Mkurufunzi aongoze angalau nne kati ya hizi: matumizi ya inhela, moshi wa jikoni, dalili za kuzidiwa na la kufanya, lishe, hofu na huzuni, kuacha sigara, kupanga kazi za nyumbani ili pumzi itoshe.

Kanuni ni moja: kwanza mgonjwa aonyeshe au aeleze, kisha daktari aongeze. "Mzee, nionyeshe unavyoitumia hii inhela" itafichua mengi kuliko mhadhara.

Moshi wahitaji busara. Kumwambia mama aache kuni, wakati mtungi wa gesi haumo katika bajeti yake, ni kumfukuza kwa adabu. Mkurufunzi aulize: jiko liko wapi? Nani mwingine anaweza kuwasha? Kuni zinakauka? Dirisha linafunguka? Kisha waafikiane jambo moja litakalofanyika wiki hii, na wiki ijayo aulize lilikwendaje.

Na lengo la mgonjwa liandikwe kwa maneno yake juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari. "Nifike soko la Kibuye na kurudi bila kupakiwa." "Nimwogeshe mjukuu." Lengo la "kuboresha uwezo wa mazoezi" ni la daktari.

## Hatua ya 7: Nyumbani, na wanaokaa mbali

Nauli ndiyo inayowatoa wagonjwa kwenye programu. Mtu wa Bondo au wa Kuresoi hawezi kuja mjini mara mbili kwa wiki miezi miwili. Msiwaandike "watoro." Wapangieni njia nyingine: siku ya kwanza wapimwe na wafundishwe, kisha wafanye nyumbani kwa dozi iliyoandikwa, na mkurufunzi apige simu kila wiki, siku na saa iliyokubaliwa.

Njia hii ina msingi. Utafiti wa Australia uliochapishwa 2017 ulitumia ziara moja ya nyumbani na simu saba za kila wiki kwa wagonjwa wa COPD, na mwisho wa wiki nane uwezo wao wa kutembea haukuwa nyuma ya wale waliohudhuria kituoni.

Umbali wa nyumbani upimwe kwa vitu vya pale: kutoka mlangoni hadi kwenye mwembe, kutoka geti la shule hadi duka. Mtoto wa nyumba anaweza kuhesabu mizunguko. Anayeshuka oksijeni chini ya kiwango mlichoandika, mwenye presha ya mishipa ya mapafu au anayezirai hafai kwa njia hii bila usimamizi. Huyo mtafutieni nauli au kituo cha afya cha karibu.

Usiruhusu simu iwe ya salamu tu. Maswali matano: ulitembea siku ngapi, dakika ngapi, Borg ngapi, makohozi yakoje, tuongeze nini.

## Hatua ya 8: Kupima tena, mgonjwa na daktari

Wiki ya nane, rudia kila kipimo cha mwanzo: njia ile ile, saa ile ile, maneno yale yale, oksijeni ya ziada kiwango kile kile kama ilitumika.

Kwa COPD, nyongeza ya karibu mita 30 kwenye dakika sita ni mabadiliko ambayo mgonjwa anayahisi. Kwenye CAT, kupungua kwa alama 2. Kwenye kukaa na kusimama dakika moja, nyongeza ya mara 3. Kwa aliyepona TB namba hizi zitumiwe kama dira, wala si hukumu, kwa kuwa zilipatikana zaidi kwa watu wa COPD.

Namba zisipopanda, mkurufunzi atafute sababu kwa mpangilio: alihudhuria mara ngapi? Dozi iliongezwa? Alizidiwa katikati? Kuna upungufu wa damu, moyo, huzuni? Mara nyingi jibu liko kwenye swali la pili.

Kisha mpime mkurufunzi. Mlete mgonjwa ambaye hajawahi kumwona, uketi kimya. Amepita kama ameuliza maswali ya usalama bila kukumbushwa, ameendesha kipimo bila kubadilisha maneno, ameandika oksijeni ya chini kabisa, ameandika dozi yenye kasi, muda, siku, lengo la Borg na kiwango cha kusimamisha, na amemweleza mgonjwa kwa lugha anayoielewa hadi mgonjwa akarudia mwenyewe. Kimoja kikikosekana, arudie wiki inayofuata. Kwa upande wangu, dozi isiyo na kiwango cha kusimamisha ni kuanguka moja kwa moja, hata mengine yakiwa kamili.

Kazi yake ya mwisho ni barua ya ukurasa mmoja kwa zahanati au kituo cha afya kilicho karibu na mgonjwa: umbali wa mwanzo na wa mwisho, dozi ya kuendelea nayo nyumbani, inhela anazotumia, dalili za kumrudisha hospitalini, na tarehe ya kupimwa tena baada ya miezi mitatu. Nakala moja apewe mgonjwa mwenyewe mkononi, nyingine ibandikwe kwenye daftari, na mkurufunzi apige simu kituoni kuhakikisha barua imefika kabla hujamtilia sahihi fomu ya kumaliza zamu.